Mtaro mmoja, mitaa miwili: namna ya kuanza na majirani wa ng'ambo kabla mvua haijawaanza nyie

Kila Masika ikikaribia naulizwa swali lile lile na watu tofauti. Mto uko katikati yetu na mtaa wa pili, sisi tukisafisha wao wanamwaga taka, mtaro wa upande wao umejengwa vizuri afu ukafika mpakani ukaishia hewani, sasa tunaanzia wapi? Nimechoka kujibu kwa voisi noti za dakika nane nane, leo naandika yote sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mimi sio injinia. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa hapa Dar kwa miaka kadhaa, nimebeba tope, nimegombana na watu, na makosa mengi nitakayowaambia msifanye tuliyafanya sisi wenyewe. Mifano yangu ni ya bonde la Msimbazi kwa sababu ndo nilipopazoea, ukiwa mji mwingine hatua ni hizi hizi, badilisha majina tu.

Nadharia kidogo tu, halafu kazi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ambako ni mkoa wa Pwani kabisa, unashuka Ilala (ambayo toka 2021 ndo Jiji la Dar es Salaam), unapokea maji ya Ubungo na Kinondoni, afu unaingia baharini pale daraja la Salenda. Kwa hiyo inaweza kunyesha huko juu, Jangwani huko chini karibu na bahari hakuna hata tone, na bado Jangwani wakaamka na maji kitandani. Na mchanga unaoziba daraja la chini haukutoka chini, umetoka kwenye vilima vilivyokatwa miti na kwenye korongo lililochimbwa mchanga wa kujengea. Mtaro wenu wa mtaani ni Msimbazi mdogo, tabia zake ni hizo hizo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita mtu yeyote

- Simu yenye kamera na chaji ya kutosha, picha ndo ushahidi wenu
- Daftari gumu la kaunta, sio karatasi za kuokoteza
- Futi ya mita 30, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mita 15 hivi, ule mafundi wanaojazia maji kupima level
- Ramani. Usilipe mtu akuchoree, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 na wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi, wakachora mitaa mingi ya Dar mpaka mitaro na makalavati (yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara), na iko bure mtandaoni kwenye OpenStreetMap
- Gambuti, glavu nzito, koleo, sululu, reki, toroli. Usiruhusu mtu aingie na kandambili, humo kuna chupa, sindano na vinyesi
- Namba ya simu ya mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo na ya mtendaji wake. Kama huna hata hizo namba basi tatizo lenu halijafika kwenye mtaro bado

Muda pia ni kifaa. Kazi ya kuchimba ifanyike mwezi wa 6 mpaka wa 9, au Januari na Februari. Masika ni Machi mpaka Mei, Vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Watu wanaitana kusafisha wiki ya kwanza ya Aprili, mawingu yameshajaa, hapo mnahamisha tope tu kutoka kwenye mtaro mpaka pembeni na mvua inalirudisha usiku ule ule.

Hatua ya 1: Jua nani mwenye nini

Hapa ndo watu wanapoteza miezi. Unaandika barua kwa mkurugenzi, anakwambia hii barabara sio yangu, unaenda huko wanakwambia huo ni mto sio mtaro. Kwa ufupi:

Mtaro ulio pembeni ya barabara kubwa za mkoa na za kuunganisha mikoa ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Pembeni ya barabara za mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, hawa wapo toka 2017, zamani kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri na wazee wengi bado wanapeleka barua halmashauri. Mto wenyewe, yaani mkondo wa asili, uko chini ya bodi ya maji ya bonde, kwa huku kwetu ni Bonde la Wami/Ruvu. Bomba la maji safi na chemba za maji machafu ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Taka ni halmashauri pamoja na kile kikundi au kampuni iliyopewa kuzoa. Na ukitaka kujua nani kajenga ndani ya mita 60 za kingo za mto, hilo lina sheria yake ya mazingira ya 2004, linaangukia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na halmashauri.

Chora mstari wa mtaro kwenye daftari, kila kipande andika ni cha nani. Kipande ambacho hujui weka alama ya kuuliza, na ujue kabisa hicho cha alama ya kuuliza ndo kimeziba.

Hatua ya 2: Mpate mtu mmoja wa ng'ambo kwanza

Usianze na mkutano! Mkutano wa kwanza wa mitaa miwili ambayo haijawahi kuongea unageuka kesi, huyu anasema nyie mnatapisha vyoo mvua ikinyesha, yule anasema nyie ndo mliojaza kifusi, mnaondoka mkiwa maadui kuliko mlivyokuja. Tafuta mtu mmoja tu mwenye shida kama yako. Mara nyingi ni mama mwenye nyumba au duka karibu na maji, kwa sababu yeye ndo anayelala macho. Nenda mkae barazani, usiende na lawama, mwambie tu mama shikamoo, sisi upande wetu maji yanaingia pale na pale, je nyie? Akishaanza kueleza utashangaa, anajua mtaro mzima kuliko injinia. Huyo ndo atakupeleka kwa mwenyekiti wake, na mwenyekiti akikuona umeletwa na mtu wake anakupokea tofauti kabisa na ukija na barua yenye muhuri.

Hatua ya 3: Tembeeni mtaro wote, kuanzia chini kwenda juu

Watu sita inatosha, watatu kila upande. Anzeni pale maji yanapotokea, iwe mtoni au baharini au kwenye mtaro mkubwa, mpande juu mpaka unapoanzia. Kwa nini chini? Kwa sababu ukianzia kwako unaona shida za kwako tu, ukianzia chini unaona maji yanataka kwenda wapi na yanazuiliwa na nini.

Kila kizuizi piga picha, andika kiko karibu na nini (nyuma ya ukuta wa kijani, mkabala na mashine ya kusaga), pima upana na kina. Angalieni hasa vitu hivi:

Kalavati la juu kubwa na la chini dogo. Hii iko kila mahali, upande mmoja umejengwa mwaka huu na mwingine mwaka ule, kila mtu na mkandarasi wake. Kalavati la duara la sentimita 90 linapitisha karibu mara tatu ya lile la sentimita 60 mteremko ukiwa sawa, sio mara moja na nusu kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo ukikuta 90 juu na 60 chini, umeshapata mafuriko yako yanapoanzia, huna haja ya kutafuta mchawi.

Bomba la maji lililopita katikati ya mtaro. Linakamata mifuko, mifuko inakamata mchanga, baada ya mvua tatu una bwawa.

Ukuta au choo kilichoingia ndani ya mtaro. Piga picha, andika, ila siku hiyo msimgombeze mtu. Hilo nimelieleza mwishoni, kwenye Ikikwama.

Hatua ya 4: Pimeni, hata kwa ujinga ujinga

Mvua ya milimita 1 kwenye hekta moja ni lita 10,000. Hekta moja ni kubwa kidogo kuliko uwanja wa mpira. Mvua nzito ya milimita 50 ikipiga hekta moja ya mabati na sakafu ambapo karibu hakuna ardhi ya kunywa maji, hizo ni kama simtanki mia tano za lita elfu moja moja zinakuja kwenu. Ukiwaambia watu namba hiyo mkutanoni wanaacha kusema tuongeze tu tofali mbili ukutani.

Mteremko: jaza maji kwenye ule mpira, hakikisha hauna povu la hewa ndani, mmoja ashike huku na mwingine mita 10 mbele, maji yatasimama usawa mmoja pande zote, pimeni kutoka usawa huo mpaka sakafu ya mtaro kila upande. Tofauti ndo mteremko wenu. Kwa mitaro yetu yenye mchanga mimi napenda isipungue sentimita 5 kila mita 10. Mkikuta sehemu imeshuka halafu inapanda, hapo hata mkisafisha kila Jumamosi maji yatasimama tu, inataka kujengwa upya.

Na waulizeni wazee alama za maji. Mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande nje ya mji, mpaka leo kuna watu watakuonyesha ukutani maji yalifika hapa. Chora mstari kwa rangi, andika mwaka.

Hatua ya 5: Sasa itisheni mkutano

Mkutano wa pamoja, wenyeviti wawili wakae meza moja, na kama mitaa ni ya kata tofauti waalikeni watendaji wa kata wote wawili na madiwani. Ukiwa na bahati mbaya mto ni mpaka wa manispaa kabisa, mmoja Kinondoni mwingine Jiji, basi mihtasari iwe miwili inayofanana, kila mmoja auingize kwenye kamati ya maendeleo ya kata yake. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wanaandika muhtasari mmoja, unakaa kwa mwenyekiti mmoja, uchaguzi ukipita anaondoka nao kwenye begi.

Bandika picha ukutani, elekeza. Acha picha ziongee, ukisema "nyie wa bondeni" umeshaharibu.

Hatua ya 6: Andikeni makubaliano

Ukurasa mmoja unatosha, wa pili ukibidi. Ujue tu mtaa sio kama kijiji, hauna ile hadhi ya kisheria ya kuingia mikataba, kwa hiyo karatasi yenu ni ya ujirani mwema, mambo ya zege na mamilioni lazima yapitie halmashauri au TARURA. Ila karatasi ya ujirani ina nguvu kuliko unavyofikiri, maana mtu kasaini mbele ya majirani zake.

Iwe na haya: mtaro unaanzia wapi unaishia wapi kwa alama zinazoonekana, nani anasafisha kipande kipi na mwezi gani, tope linapelekwa wapi (hili likikosekana mtagombana wiki ya kwanza), nani anashika hela, nani na nani wanasaini kutoa, na mkitofautiana mnakwenda kwa nani kabla ya kwenda polisi.

Hela sasa. Njia rahisi ni kugawa kwa kaya. Tuseme kazi ni milioni 3, mtaa wa juu una kaya 420 na wa chini 180, jumla 600, kila kaya elfu 5, wa juu wanatoa milioni 2 na laki 1, wa chini laki 9. Hapo wa juu watasema sisi hatufuriki, kwa nini tulipe zaidi? Jibu ni kwamba wao ndo wanaoleta maji, lakini ukilisema hivo hivo wanasusa. Sisi tulimaliza kwa wa juu kutoa hela na wa chini kutoa nguvu kazi zaidi, mahesabu hayakuwa kamili, watu wakaridhika. Sikushauri mgawane kwa urefu wa mtaro, kipande kifupi kinaweza kuwa ndo chenye kalavati bovu na kikawafilisi watu wachache.

Onyo: mchango wowote upitishwe kwenye mkutano wa wananchi, uandikwe kwenye muhtasari, risiti itolewe hata kwa elfu moja. Hela isiingie kwenye simu ya mtu binafsi hata awe shekhe au mchungaji. Sio kwamba ataiba, ila siku simu ikiibiwa hakuna atakayemwamini.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe, na chini kwanza

Hii ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. ANZENI CHINI. Mwaka mmoja sisi tulikuwa na vijana wengi na ari ya kufa mtu, tukasafisha kwetu kotekote, mtaro ukang'aa, tukapiga picha. Mvua ya kwanza maji yakapita kwetu kama treni, yakafika kwa wenzetu wa chini ambao mtaro wao umeziba, yakaingia kwenye nyumba ambazo zilikuwa hazijawahi kuingia maji. Asubuhi walikuja na tope letu kwenye matoroli wakalimwaga mlangoni kwa mwenyekiti wetu. Hatukuwa na la kusema. Ilituchukua karibu mwaka kuongea nao tena.

Kwa hiyo fungueni mlango wa kutokea kwanza, pandeni kipande kwa kipande. Tope likitoka liondoke siku ile ile au kesho yake, ongeeni na halmashauri mapema kuhusu gari na mahali pa kumwaga. Mkiliacha ukingoni ni kama hamjafanya kitu. Msimwage kwenye kiwanja cha mtu asiyekuwepo wala kwenye bonde, hilo bonde ndo linalopokea maji mto ukijaa, mkilijaza maji yatahamia kwa mtu mwingine.

Msipanue wala kunyoosha mto wenyewe kwa kijiko (ile mashine ya kuchimbia) bila kibali cha bodi ya bonde. Mto ulionyooshwa unakwenda kasi na unakula kingo za mwenzako wa chini, nimeona nyumba imebaki na vyumba viwili kati ya vinne.

Na wale wanaopenda kuweka wavu wa kukamata taka, sawa, ila tu kama kuna mtu mwenye jina anayeutoa uchafu kila mvua. Wavu usio na mwenyewe ni bwawa.

Hatua ya 8: Yale makubwa yaingizeni kwenye bajeti

Kubadilisha kalavati, kujengea mtaro mawe, hayo sio ya elfu tano tano. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, maandalizi yanaanza miezi mingi kabla. Barua yenu ikifika Aprili mnasubiri mwaka mwingine, ifike Oktoba. Mambo matatu yanayofanya barua isomwe: iwe moja yenye saini za mitaa yote miwili, iwe na picha na vipimo vya hatua ya 3 na 4, na iombe kitu kimoja tu. Nakala nenda nazo TARURA, kwa diwani wa kila upande, na ofisi ya mbunge kwa sababu kuna mfuko wa jimbo. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, usiondoke bila muhuri.

Kwa walio ndani ya bonde la Msimbazi ulizeni kwanza kama eneo lenu limo kwenye mradi wa uendelezaji wa bonde, ule ambao Benki ya Dunia ilipitisha 2022 na Uholanzi na Hispania wamo pia. Hakuna sababu ya kumwaga zege la michango ya watu mahali ambapo kijiko cha mradi kitapita.

Hatua ya 9: Simu za usiku

Chagueni watu wawili kila mtaa, wa juu kazi yao ni kupiga simu maji yakifika kwenye alama mliyochora, wa chini kazi yao ni kuamsha watu. Grupu la WhatsApp sio kengele, saa nane usiku nani anasoma? Pigeni simu, filimbi, msikitini wana spika. TMA, watu wa hali ya hewa, wakitoa taarifa jifunzeni ngazi zao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ikifika tahadhari, wazee, wagonjwa na watoto wasilale vyumba vya bondeni. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ikikwama

*Mwenyekiti wa ng'ambo hataki kusikia.* Msimrukie. Endeleeni na yule mtu wenu wa hatua ya 2, mkutane na mtendaji wa kata, mara nyingi mwenyekiti anaogopa mtakuja kumdai hela. Mwanzishieni kitu kisicho na hela, kama zile simu za usiku.

*Tumesafisha, wiki mbili kumejaa tena.* Kikijaa mchanga, shida iko juu, tafuteni korongo linalomomonyoka au wachimba mchanga. Kikijaa taka, gari la taka halifiki kwa watu fulani, nendeni mkawaulize wanatupa wapi kwa sababu hawawezi kuzila. Kikijaa maji meusi yenye harufu hata kiangazi, kuna mtu kaunganisha choo, peleka kwa bwana afya wa kata haraka, hapo mnaongelea kipindupindu.

*Aliyejenga juu ya mtaro ni mkubwa fulani.* Mtaa hauna ubavu wa kubomoa na msijaribu. Picha, vipimo, barua ya mitaa miwili kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya. Na waulizeni mafundi kama mtaro unaweza kuzunguka, wakati mwingine kesi ya miaka sita inamalizwa na mita 12 za mtaro mpya.

*Kila ofisi inasema sio yetu.* Usiendelee kuzunguka na bahasha. Omba ofisi ya mkuu wa wilaya iwaite wote siku moja, waje kwenye mtaro sio ofisini, msimamishe pale kwenye ile alama ya kuuliza. Mkipata siku yenye mvua ya manyunyu hivi ndo nzuri zaidi, viatu vikilowa watu wanakumbuka haraka nani mwenye kalavati.

*Hela zimekusanywa nusu, watu wameacha kutoa.* Fanyeni kazi ya nusu hiyo, upande wa chini, iishe kabisa, mbandike mapato na matumizi ukutani kwa mwenyekiti wa kila mtaa. Nusu iliyobaki itaanza kuja yenyewe mvua ya kwanza ikipita salama.